AFCON ya Pamoja: uifuate timu, upige kambi mji mmoja, au ubaki na skrini?

Septemba 27, 2023, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilipotangaza kwamba AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, itaandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda, vijiweni tulishangilia kwanza, hesabu tukaziweka pembeni. Sasa hesabu zimeanza kudai. Mashindano ambayo shabiki wa Tandika, Kayole au Nakawa amekuwa akiyafuata kwa redio na runinga yanakuja mpaka umbali wa nauli ya basi. Na nauli ya basi ina ulaghai wake: inamfanya mtu aamini kwamba anaweza kwenda kila mahali.

Ukikaa na mashabiki wanaopanga mapema utakuta wamegawanyika makundi matatu. Wa kwanza wanasema timu ikienda Kampala, nao Kampala. Ikienda Nairobi, nao Nairobi. Hao nitawaita wafuasi. Wa pili wanachagua mji mmoja, wanatafuta chumba, na kuangalia timu yoyote itakayoletwa na ratiba. Hao ni wapiga kambi. Wa tatu hawaendi uwanjani kabisa, au wanakwenda mara moja tu kwa ajili ya picha, na mashindano mengine yote wanayaangalia nyumbani, kwenye kibanda umiza (banda la kuonyeshea mpira kwa kiingilio) au kwenye skrini kubwa ya uwanja wa wazi. Tuwaite wa skrini, na wasidharauliwe, maana mara nyingi ndio wanaoujua mchezo kuliko aliyekuwa jukwaani akipigwa na vuvuzela.

Nitazipima njia hizi kwa mambo matano: ramani, tiketi, pesa, watu utakaokuwa nao, na siku ambayo mambo yanaharibika. Uzito wake haulingani. Ramani nitaikalia muda mrefu kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote, na ndiyo ambayo wengi hawaiangalii. Mifano nitaichukua zaidi kwenye CHAN ya Agosti 2025, michuano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao, kwa kuwa ndiyo iliyotuonyesha nchi hizi tatu zikigawana mashindano zenyewe kwa zenyewe.

Ramani

Kabla hujauliza bei ya chochote, uliza: timu yangu itacheza wapi, na ikivuka itapelekwa wapi?

Safari za Taifa Stars ya Tanzania peke yake zinatosha kuonyesha jibu linavyobadilika. Mwaka 2019 nchini Misri, iliporudi AFCON baada ya miaka 39, mechi zake zote tatu za kundi zilichezwa Cairo. Harambee Stars ilikuwa kundi hilohilo, kwa hiyo hata ile mechi ya Juni 27 ambayo Kenya ilishinda 3-2 (kidonda kile tukiache) ilichezwa ndani ya jiji hilohilo. Mfuasi alifungua begi mara moja tu. Januari 2024 huko Ivory Coast mambo yakawa kinyume. Mechi mbili zilichezwa San Pedro, pwani ya kusini-magharibi, na ya tatu, dhidi ya Kongo (DRC), ikapelekwa Korhogo, kaskazini kabisa. Mfuasi aliikata nchi nzima kwenda kuangalia sare ya 0-0. Moroko, Desemba 2025, ikawa katikati ya hayo mawili: Fez kwa Nijeria, kisha Rabat kwa Uganda, Rabat kwa Tunisia, na Rabat tena kwa hatua ya 16 bora dhidi ya wenyeji. Fez na Rabat zinaunganishwa na treni ya saa chache tu.

Timu moja, mashindano matatu, na mara tatu mfuasi alihitaji begi la aina tofauti. Anayesema "mimi naifuata timu" kabla droo haijatoka anasaini karatasi tupu.

Sasa rudi kwetu. Kwenye CHAN ya 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zote ziliongoza makundi yao, na robo fainali zao zikachezwa nyumbani. Harambee Stars hawakutoka Kasarani, Taifa Stars hawakutoka kwa Mkapa, Cranes wa Uganda hawakutoka Namboole. Kwa shabiki wa mwenyeji, kuifuata timu kulikuwa ni kupanda daladala, matatu au boda. Ndiyo maana wengi walitoka kwenye yale mashindano wakidhani kufuata timu ni kazi nyepesi.

Waulize waliokuwa na Moroko. Moroko ilikuwa kundi la Kenya, ikamaliza ya pili. Agosti 22 ikaja Dar es Salaam kucheza robo fainali na Taifa Stars, ikashinda 1-0. Agosti 26 ikawa Kampala kwenye nusu fainali na Senegali, iliyoamuliwa kwa penalti. Agosti 30 ikarudi Nairobi, ikaifunga Madagaska 3-2 na kubeba kombe. Nchi tatu ndani ya siku nane. Wachezaji walipanda ndege. Shabiki wa basi angetoka Dar hadi Nairobi, karibu kilomita 900, akaendelea hadi Kampala, nyingine kama 650, halafu akageuza hizo 650 za mwisho kurudi alikopitia. Madagaska nao walitoka kundi la Tanzania wakaenda Nairobi kuwatoa wenyeji kwa penalti, wakarudi Dar kwa nusu fainali, wakapanda tena Nairobi kwa fainali. Tofauti ya kuongoza kundi na kushika nafasi ya pili ilikuwa hiyo: mmoja analala kwake, mwingine anakuwa msafiri.

Mpiga kambi ramani yake ni fupi, ila ana swali lake: mji upi? Tazama kila mji ulichopata kwenye CHAN. Dar ilipata mechi ya ufunguzi, mechi zote za Taifa Stars, robo fainali na nusu fainali. Nairobi ilipata mechi za Kenya, robo fainali na fainali. Kampala ilipata mechi za Uganda, robo fainali ya Uganda na Senegali, nusu fainali, na mechi ya mshindi wa tatu. Zanzibar ilipata sehemu ndogo, lakini aliyekuwa Amaan siku Sudan ilipoipiga Nijeria 4-0 hatakubali kuiita ndogo. Tena Dar na Zanzibar unaweza kuzihesabu kama kambi moja: boti ya asubuhi, mechi ya jioni, ulale, urudi. Kwa 2027 kuna viwanja vipya vinavyoingia kwenye hesabu, Talanta wa Nairobi, wa Arusha na wa Hoima, na hiyo itabadilisha uzito wa miji. Arusha hasa itampendeza mpiga kambi mjanja, kwa sababu iko katikati ya njia ya Dar na Nairobi na mpaka wa Namanga uko karibu.

Wa skrini hana ramani, ila ana faida moja ambayo wa uwanjani hawaikumbuki. Mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Aliye jukwaani anaona moja na kuchungulia nyingine kwenye simu ambayo mtandao wake umezidiwa na maelfu wanaochungulia kama yeye. Wa skrini anahamisha chaneli. Ikumbukwe pia kwamba AFCON yenye timu 24 hupitisha timu nne bora kati ya zile zilizoshika nafasi ya tatu, na hesabu hizo zinataka utulivu. Taifa Stars ilivuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake huko Moroko ikiwa ya tatu, na pointi 2 tu, kwa kuwazidi Angola mabao ya kufunga. Hesabu ya namna hiyo haifanyiki huku umebanwa katikati ya watu wawili wanaorukaruka.

Tiketi

Mfuasi ndiye mwenye shida kubwa hapa. Makundi hayamsumbui, kwa sababu mechi tatu zinajulikana mapema. Kuanzia mtoano anatakiwa anunue tiketi ya mechi ambayo hajui kama timu yake itakuwepo, au asubiri ijulikane kisha agombee na wenyeji wa mji huo, waliokwisha kuamka mapema. Katikati hapo ndipo walanguzi wanapokaa. Kuna anayenunua robo fainali mbili za miji miwili akijua moja itakufa mkononi. Si upumbavu, ni bei ya kuwa mfuasi, na iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mpiga kambi ananunua kwa uwanja, si kwa timu. Anajua Jumanne kuna mechi hapa na Ijumaa kuna nyingine, basi. Mechi zisizomhusu mwenyeji hubaki na viti vingi kwenye AFCON karibu zote, hivyo ni rahisi kuzipata hata mwishoni. Ugumu unamkuta siku mwenyeji anapocheza. Kasarani mwaka 2025 ilitupa somo hilo kwa sauti: watu wasio na tiketi walilazimisha kuingia, Kenya ikaadhibiwa, na CAF ikapunguza tiketi za mechi dhidi ya Zambia hadi 27,000. Kuna waliokuwa na hamu, pesa na jezi, wakabaki nje kwa sababu ya fujo za wengine. Kwa hiyo ukipiga kambi kwenye mji wa mwenyeji, tiketi za mwenyeji zinunue dirisha linapofunguliwa, hizo nyingine zitakusubiri.

Jambo moja linawagusa wote wawili: kitambulisho cha shabiki. Misri walikitaka mwaka 2019, na Moroko walikitaka tena kwa kupitia programu ya simu. Bila hicho, tiketi peke yake haikufikishi kwenye kiti. Wakitangaza kitu cha namna hiyo kwetu, jisajili wiki hiyohiyo, picha yako ifanane na ya kwenye hati unayosafiria, na jina liandikwe vilevile lilivyo kwenye hati. Juma na Jumaa kwenye mfumo wa kompyuta ni watu wawili.

Wa skrini tiketi yake ni kifurushi cha king'amuzi au kiingilio cha kibandani. Akague mapema kama king'amuzi chake kitaonyesha mechi zote au za timu ya taifa tu. Basi.

Pesa

Bei sitakutajia, zitabadilika kabla hujamaliza kusoma. Nitakuonyesha zinakotokea.

Gharama ya mfuasi haina dari. Kila ushindi unamwongezea safari, na kadiri mashindano yanavyosonga ndivyo vyumba na nauli vinavyopanda, kwa sababu timu zimebaki chache na miji imebaki michache. Furaha yake na deni lake vinakua pamoja. Ana nauli za dharura, kulala njiani, chakula cha stendi, laini ya simu ya nchi nyingine na makato ya kubadilisha fedha mpakani, ambako wale vijana wenye vibunda mkononi wanakupa kiwango kizuri kwa noti ya kwanza na kibaya kwa zilizobaki. Ukiweza, badilisha kidogo tu cha kukufikisha mjini.

Mpiga kambi anatoa kikubwa mara moja: chumba. Akipanga kwa wiki au kwa mwezi, na akagawana na wenzake wawili watatu, gharama ya siku inashuka sana, tena anapika. Wanaosahaulika ni ndugu. Nani asiye na shangazi Mwanyamala, binamu Eastleigh au rafiki aliyesoma naye Makerere? Ila kukaa kwa ndugu mwezi mzima nako kuna gharama yake isiyoandikwa, na mgeni anayerudi saa 6 usiku akiimba anachosha mapema. Nenda na mchango wa chakula siku ya kwanza, usingoje kuulizwa.

Wa skrini ndiye wa bei nafuu, kama atajizuia. Kibanda umiza chenyewe ni senti chache. Kinachomaliza ni vya pembeni, nyama choma, vinywaji, na mkeka wa kubeti ambao unaanza kama utani kwenye mechi ya Botswana na kuishia kwenye ada ya mtoto. Nimeona mezani watu wakitumia kwa mwezi kiasi ambacho kingewapeleka Nairobi na kuwarudisha.

Watu

Hapa hesabu zinakaa kimya kidogo, kwa sababu mtu haendi kwenye mashindano kutazama nyasi.

Wafuasi ni wachache na wanajuana. Ugenini, jezi inatosha kuwa utambulisho: mtu hujawahi kumwona, mnagawana maji, mnalindana mizigo, mnaimba wimbo wa taifa kwa sauti ambayo nyumbani msingeitoa. Timu inawaona, kwa sababu mko sehemu moja ndogo ya jukwaa katikati ya bahari ya jezi za rangi nyingine. Ile siku ya Desemba 27 huko Rabat, Tanzania na Uganda zilipotoka 1-1 na Uganda ikapaisha penalti mwishoni, majirani wa Mutukula walikuwa wamesafiri hadi mwisho wa Afrika kuja kutambiana. Hisia hiyo skrini haikupi.

Mmoja katika wafuasi wa mashindano yale alijulikana kuliko wachezaji wengi. Michel Kuka Mboladinga, shabiki wa Kongo, alisimama mechi nzima bila kutikisika, mkono wa kulia umeinuliwa, akiwa amevaa na kuchana nywele kama Patrice Lumumba, kwa kuiga sanamu ya Lumumba iliyopo Kinshasa. Wenzake wakicheza ngoma kumzunguka, yeye kimya. Kongo ilipotolewa na Aljeria kwenye muda wa nyongeza, picha iliyozunguka Afrika ilikuwa ya yule mtu aliyesimama. Kufuata timu kunaweza kuwa hivyo: unakuwa sehemu ya historia yake, hata inaposhindwa.

Mpiga kambi anapata kingine, na mimi nadhani hakithaminiwi. Anakaa na mashabiki wa timu zisizo zake. Mwenyeji akitolewa jukwaa linatafuta mtoto wa kulea, na ndani ya dakika 20 utasikia watu ambao jana hawakujua jina la hata mchezaji mmoja wa Sudan wakiishangilia Sudan kana kwamba ni Temeke Stars. Tena ile timu ya Sudan, iliyocheza huku nchi yao ikiwa vitani tangu Aprili 2023, ilistahili kulelewa. Mpiga kambi anaondoka anazijua timu sita au saba kwa macho yake mwenyewe: nani anakimbia bila mpira, kocha gani anapiga kelele muda wote, mashabiki wa nani wanaimba hata wakiwa nyuma kwa mabao mawili. Anayependa soka kuliko anavyopenda bendera atafurahi zaidi hapa.

Kibanda umiza nacho kina watu wake, na ndiko uchambuzi halisi ulipo. Benchi la mbao, feni moja, na mzee mmoja wa nyuma anayekumbuka enzi za timu ya taifa kuitwa kichwa cha mwendawazimu, kila mtu akijifunzia kunyoa. Hapo hesabu za Simba na Yanga hazilali: bao la Kapombe wa Simba dakika ya 89 dhidi ya Mauritania lina wenyewe, na mawili ya Mzize wa Yanga dhidi ya Madagaska yana wenyewe, ingawa wote walivaa jezi moja. Maeneo ya skrini kubwa ni tofauti. Familia zinakuja, watoto wamepakwa rangi usoni, muziki unapigwa kabla ya mechi. Sauti ni kubwa, uchambuzi ni mdogo. Kila kimoja na siku yake.

Siku mambo yanapoharibika

Ubaya wa kwanza ni timu kutolewa. Kwenye CHAN wenyeji wote watatu walitolewa robo fainali: Tanzania na Kenya Agosti 22, Uganda siku iliyofuata kwa bao 1-0 la Senegali. Ndani ya siku mbili Afrika Mashariki ilibaki na mashindano yasiyo na mwenyeji. Mfuasi siku hiyo safari imekwisha, hata kama chumba kimelipwa hadi mwisho wa mwezi na tiketi ya nusu fainali iko mfukoni. Mpiga kambi anaumia jioni moja, kesho kuna mechi. Wa skrini anazima runinga na kwenda kulala, na ana haki hiyo.

Ubaya wa pili ni mpaka. Watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tumezoea kudhani kuvuka ni kupunga mkono. Namanga, Busia, Malaba na Mutukula kuna vituo vya pamoja vya mpakani, kweli, na unagongewa mihuri ya nchi zote mbili sehemu moja, lakini basi zima likiwa na mtu mmoja asiye na hati, wote mnasubiri. Pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na muda wa ziada. Mfuasi anayekata tiketi ya basi linalotarajiwa kufika zikiwa zimebaki saa tatu mechi ianze amekata tiketi ya kusikiliza mechi redioni akiwa njiani.

Ubaya wa tatu ndio mzito. Januari 24, 2022, kwenye geti la uwanja wa Olembe, Yaoundé, watu wanane walikufa kwa kukanyagana kabla ya mechi ya Kameruni na Komoro. Ilikuwa usiku ambao majirani zetu wa Komoro walicheza bila golikipa, beki Chaker Alhadhur akiwa langoni, wakapoteza 2-1 tu na kufunga bao la faulo la kukumbukwa. Na habari hiyo ya ushujaa ikafunikwa na vilio vya getini. Hatari kubwa ya uwanjani haiko jukwaani, iko kwenye geti, saa moja ya mwisho, mwenyeji anapocheza. Mfuasi na mpiga kambi wote wanaipunguza kwa njia moja: kufika mapema mno, kuingia kwa geti lililoandikwa kwenye tiketi, na kugeuka kurudi msongamano ukianza kusukuma. Ukiwa na mtoto au mzee, chagua mechi isiyo ya mwenyeji. Viti vipo, mageti yanapumua, na mtoto ataona mpira badala ya migongo ya watu. Hata maeneo ya skrini kubwa yana msongamano wake, hasa wakati wa kutoka.

Nani achague ipi

Kama wewe ni shabiki wa mojawapo ya timu tatu za wenyeji na unaishi kwenye mji inakocheza, hatua ya makundi usihangaike kuchagua: wewe ni mfuasi na mpiga kambi kwa pamoja. Uamuzi wako unaanza kwenye mtoano. Siku ya droo chukua karatasi, andika timu ikiwa ya kwanza inakwenda wapi, ikiwa ya pili wapi, ikiwa ya tatu wapi. Kama njia mbili kati ya hizo zinavuka mpaka, anza kuweka akiba ya safari moja tu, ya raundi inayofuata, si ya fainali.

Kama una likizo ya wiki mbili na huwezi kuiongeza, piga kambi. Mfuasi mwenye likizo fupi anatumia siku nyingi barabarani kuliko uwanjani. Nairobi inafaa anayetaka kuvuka kwenda Kampala au Arusha mara moja moja. Dar inafaa anayetaka kuchanganya na Zanzibar. Kampala inafaa anayetokea Kigali, Bukavu au Goma, kwa sababu ya barabara.

Kama timu yako si ya wenyeji, tuseme Kongo, Burundi, Komoro au Rwanda, na imefuzu, hapo kufuata kuna maana zaidi kuliko kwa mwenyeji. Timu yako itahitaji kila sauti, na wenzako watakuwa wachache. Fuata mechi zote tatu za kundi kama ziko ndani ya nchi moja. Zikigawanywa nchi mbili, fuata mechi ya kwanza na ya tatu; ya pili iangalie mahali ulipo, kwenye skrini, ukiwa umepumzika. Na msafiri kwa pamoja, mkikodi basi lenu wenyewe, kwa sababu basi la abiria wote halisubiri penalti ziishe.

Kama unaishi Muscat, Dubai, London au Minneapolis na unataka kurudi nyumbani kwa ajili ya hili, usije kwa wiki ya fainali peke yake. Ndiyo yenye nauli kali na timu yako huenda ikawa imekwisha toka. Njoo kwa makundi, ukae kwa ndugu, uangalie mechi mbili tatu uwanjani na zilizobaki kibandani na watu uliokua nao.

Kama kipato ni cha kuhesabu, weka pesa ya siku moja ya uwanjani, chagua mechi isiyo ya mwenyeji yenye timu kubwa, Senegali au Misri au Moroko, ikija mjini kwenu. Utalipa kidogo na kuona wachezaji ambao umezoea kuwaona usiku wa Ligi ya Mabingwa wakipasha misuli hatua chache kutoka ulipo. Mechi za Taifa Stars, Harambee Stars au Cranes ziangalie mtaani, ambako hata hivyo ndiko kelele ziliko.

Na kama wewe ni wa kuchambua, wa daftari na kalamu, unayetaka kujua kwa nini beki wa kushoto alipanda dakika ile, baki na skrini bila kuona aibu. Hakikisha tu una umeme wa akiba.